Fikisha chakula chini: jinsi ya kupanga mlo wa Moshi na Arusha ili seli za homoni za utumbo zifanye kazi

Mpe mtu mzima mwenye afya glukosi ya kunywa leo. Siku nyingine mtundikie dripu ya glukosi, ukirekebisha kasi yake mpaka sukari ya damu ipande na kushuka vilevile. Siku ya kunywa, kongosho lake litatoa insulini mara mbili hadi tatu ya siku ya dripu, ingawa sukari iliyo kwenye damu ni ileile. Watafiti walianza kulionyesha hilo mwaka 1964. Kinachotofautisha siku hizo mbili ni utumbo: sukari ikipita humo, seli za ukuta wake huionja na kulipa kongosho taarifa mapema. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, kongosho huiitikia taarifa hiyo kwa udhaifu, na ndiyo sababu mpangilio wa sahani una uzito kwake kuliko kwa mtu mwingine.

Seli hizo ni chache. Katika kila seli mia za ukuta wa ndani wa utumbo, moja hivi ndiyo ya homoni, imebanwa kati ya seli za kunyonya chakula. Ncha yake moja inatazama njia ya chakula, ya pili imekaa karibu na mishipa ya damu na ya fahamu. Mwanzoni mwa utumbo mwembamba zimejaa seli K, zinazotoa homoni ya GIP, na seli I zinazotoa kolesistokinini, ile inayofinya mfuko wa nyongo na kuufanya mfuko wa chakula usimwage vitu vyake haraka. Seli L, zinazotoa GLP-1 na PYY, zipo chache huku juu na huzidi kuwa nyingi kadiri unavyoshuka mpaka mwisho wa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana. GLP-1 huongeza insulini pale tu sukari inapokuwa imepanda, na PYY huuambia ubongo kuwa tumeshiba. Homoni inayovuta upande wa pili ni ghrelini ya mfuko wa chakula, inayoleta njaa.

Shida ya mlo laini ni kwamba huishia juu. Uji wa sembe wenye sukari, soda, mkate mweupe na wali uliolainika sana humeng'enywa na kunyonywa kwenye sehemu ya kwanza ya utumbo, na seli L za chini hazipati cha kuonja. Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka kwenye vyumba vya upasuaji: wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji wa kuunganisha mfuko wa chakula na sehemu ya chini zaidi ya utumbo, chakula huwafikia chini haraka, na GLP-1 yao baada ya kula hupanda mara nyingi kuliko awali. Jikoni hatuna kisu cha upasuaji. Tunaweza, hata hivyo, kupika chakula ambacho sehemu yake haiishi huko juu, na kukila kwa mpangilio unaozipa seli nafasi.

Usitegemee kula leo kukufae kesho. GLP-1 inayotoka utumboni huvunjwa ndani ya dakika mbili hivi. Kila mlo unaanza upya.

Sufuria ya maharage

Tuanze na maharage kwa sababu hakuna chakula cha kawaida sokoni Mbuyuni au Kilombero kinachofanya kazi hii vizuri zaidi. Wanga wa maharage umefungiwa ndani ya kuta za seli za mmea, na kuta hizo zinastahimili kuchemshwa. Punje iliyoiva lakini bado nzima huteremka na sehemu ya wanga wake ikiwa bado imefungwa. Ikifika chini, bakteria wa utumbo mpana huichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, na seli L zina vipokezi mahsusi vya asidi hizo. Ngwara, mbaazi, kunde na dengu hufanya vivyo hivyo.

Kwa familia ya watu watano au sita, chagua nusu kilo ya maharage makavu ya msimu wa karibuni. Jesca, Lyamungu au ya njano, yoyote yanafaa. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima kwenye joto huwa magumu, na utachoma mkaa bure. Loweka kwa maji lita mbili, saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji hayo. Yanaondoka na sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Usiruke hatua hii, hasa kwa maharage mekundu, kwa maana yana lektini inayotapisha, na moto mdogo peke yake hauiui.

Hapa mwinuko unaingia. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moshi mjini ni nyuzi 97. Ukipanda Marangu au Kibosho yanashuka tena. Ndiyo maana maelekezo ya "dakika 60" kutoka Dar es Salaam hayafui dafu huku. Hesabu saa moja na nusu hadi mbili kwa yaliyolowekwa, au dakika 25 hadi 30 kwenye sufuria ya presha. Nyanya, ndimu na ukwaju viingie mwisho, punje zikishalainika. Asidi huimarisha kuta na maharage hayaivi.

Na magadi? Yanalainisha haraka, lakini yanaharibu vitamini B1, na magadi ya ukanda huu yana floraidi nyingi. Mtu ambaye tayari anakunywa maji ya visima vya Arumeru hana sababu ya kuongeza floraidi sufuriani. Meno ya kahawia ya watoto wetu yanatosha kuwa onyo. Kulowesha kunafanya kazi ileile bure.

Jua yameiva hivi: chukua punje, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikipasuka na ndani kukawa na unga mkavu usio na kiini cheupe kigumu, zima. Ikigeuka rojo kabla hujabana, umepitiliza, na kuta tulizotaka zibaki zimeanza kuvunjika. Usiyaponde kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Ukitaka uzito, ponda vijiko viwili tu vya chakula, mengine yaache mazima.

Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva, cha mililita 250 na mchuzi kidogo, kina takriban gramu 12 za nyuzinyuzi na 15 za protini. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Nusu ya kazi imekwisha kwenye kikombe kimoja.

Asiyezoea asianze na kikombe kizima. Wiki ya kwanza robo kikombe kwa siku, ya pili nusu, ya tatu kikombe. Bakteria wanahitaji muda wa kuongezeka, na wengi wanaosema "maharage yananikataa" waliruka kutoka sifuri hadi bakuli. Maji yaongezwe pia, la sivyo nyuzinyuzi zitaleta choo kigumu.

Ndizi: tofauti iko kwenye mwiko

Ndizi mshale mbichi zilezile zinaweza kukupa chakula cha aina tatu. Ukizimenya na kuzipika vipande na nyama, una machalari. Ukizipika na maharage kwenye chungu kimoja, una kiburu. Ukizipondaponda mpaka ziwe laini kama uji, una mtori. Mtori unapewa mzazi na mgonjwa kwa sababu hauhitaji kutafunwa na unanyonywa upesi. Sifa hiyohiyo inaufanya usiwe chaguo la kwanza la mwenye sukari ya juu. Kiburu ndicho kinachoshinda hapa. Kina protini na punje nzima, na vipande vya ndizi vinahitaji meno. Kwa sahani ya mtu mmoja, tumia ndizi mbili za wastani na nusu kikombe cha maharage au zaidi. Jikoni kwa watu wengi uwiano huu uko kinyume, ndizi sita na maharage ya kuhesabu, na hapo faida imekwenda.

Atakayekula mtori aule, ila aache theluthi ya vipande bila kupondwa, nyama ionekane, na atangulize bakuli la mboga.

Ndizi, wali au viazi vikipoa, sehemu ndogo ya wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu kumeng'enywa, na kupasha moto hakuirudishi yote nyuma. Kwa hiyo kiporo kina sababu ya kuheshimiwa, ingawa faida yake ni ya kiasi na haihalalishi sahani mbili. Sharti ni friji. Wali uingie humo ndani ya saa moja baada ya kupikwa, uliwe kesho yake tu, na upashwe mpaka utoe mvuke katikati. Wali uliolala mezani hubeba sumu ya bakteria ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kama huna friji, achana na hila hii.

Ugali

Dona ina pumba na kiini, kwa hiyo ina nyuzinyuzi na mafuta ambayo sembe imenyang'anywa. Lakini tusidanganyane: dona iliyosagwa laini sana bado ni wanga unaofunguka haraka, na bonge kubwa la dona litapandisha sukari. Kinachoamua zaidi ni ukubwa wa bonge. Ngumi moja ya mkono wako mwenyewe inatosha. Mafuta ya kiini huchacha, basi saga dona ya wiki mbili tu, na kabla ya kusaga chambua punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Sahani ina foleni yake

Mboga na protini zitangulie, wanga ufuate baada ya dakika 10 hadi 15. Majaribio kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili yameonyesha kuwa chakula kilekile, kiasi kilekile, kikiliwa kwa foleni hii sukari haipandi sana kama wanga ukitangulia. Protini na mafuta yanapofika kwanza huziamsha seli I na L chache za juu, mfuko wa chakula hufunga mlango nusu, na ugali unaofuata unashuka kwa matone.

Pingamizi la kwanza mezani ni la kweli: ugali utautowelea nini kama mboga umeimaliza? Gawa kitoweo mara mbili. Theluthi mbili ya mnafu na maharage viliwe kwa kijiko mwanzoni, theluthi moja ibaki ya kutowelea. La pili linagunduliwa siku ya kwanza: mboga iliyokolezwa chumvi ya kulia ugali haileki peke yake. Punguza chumvi nusu. Hakuna haja ya kuomba radhi kwa hilo, presha nayo itashukuru.

Kwa mchana wa kawaida, anza na kikombe kizima cha mnafu, figiri, mchicha au kabichi iliyopikwa isilegee, kwa mafuta yasiyozidi kijiko kimoja cha chakula kwa mtu. Fuatisha maharage kikombe, au samaki au nyama ya ukubwa wa kiganja. Robo ya parachichi kubwa la Tengeru inaingia vizuri hapo; gramu 100 za nyama yake zina nyuzinyuzi karibu 7. Kisha ngumi ya ugali, au wali wa ukubwa huohuo. Juisi ya parachichi yenye sukari ni jambo jingine kabisa na haihesabiwi.

Asiyeweza kubadili foleni, kwa mfano anayekula sinia moja na wenzake, anywe maziwa mgando yasiyo na sukari, mililita 200, dakika 20 hadi 30 kabla. Protini ya maziwa inaamsha GLP-1 na kuchelewesha tumbo kumwaga.

Kwa mama ntilie ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Unasema tu, "Shikamoo mama. Naomba uanze kunipa maharage na mboga, wali nitaufuata baadaye, nusu sahani." Utalipa bei ya sahani nzima, lakini mara nyingi atakujazia mboga.

Kasi nayo ina kazi yake. PYY na GLP-1 zinaanza kupanda dakika 15 baada ya kuanza kula na kuendelea kwa saa moja au zaidi. Anayemaliza sahani kwa dakika tano anaongeza ya pili kabla taarifa ya kwanza haijafika. Tumia dakika 20, na nyongeza isipakuliwe kabla ya hapo. Ukishamaliza, tembea dakika 10 hadi 15. Misuli inayofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo.

Kinachoharibu

Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, vijiko tisa vya chai, na yote inaishia juu. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani la kubaki chini ya asilimia 5 ya nishati ni gramu 25 hivi kwa siku nzima, yaani vijiko sita, chai ya asubuhi ikiwemo. Mbege, pombe ya ndizi, ina ulezi, ndiyo, lakini ina sukari na kilevi, na kilevi hulizuia ini kutoa sukari yake ya akiba. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari vya glibenklamidi anaweza kuishiwa sukari ya damu saa kadhaa baadaye, usingizini. Usingizi mfupi hupandisha ghrelini. Mlo mkubwa wa saa nne usiku hupandisha sukari kuliko uleule wa saa moja jioni.

Vidonge na poda za "kuamsha GLP-1" zinazouzwa kwenye simu ni za kupuuza. Sindano halisi za semaglutidi ni dawa kweli: zimetengenezwa zisivunjwe haraka, nusu ya kipimo inabaki mwilini kwa wiki nzima hivi, na hakuna sahani ya maharage inayoweza kushindana nazo. Zinaandikwa na daktari, na kabla ya kuanza kutumika zinahifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyosafiri kwenye buti la basi kutoka mpakani si ya kuchoma.

Wanaotumia insulini, glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi wasibadili foleni wala kupunguza wanga kabla ya kuongea na daktari wao. Dawa itakuwa imeshaingia kazini wakati ugali bado unasubiri. Jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa: pima, na ukikuta chini ya 4 mmol/L kunywa sukari vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Saa hiyo hata soda ni dawa. Wenye ugonjwa wa figo nao waulize kwanza, maana maharage, ndizi na parachichi vina potasiamu nyingi.

Kupima kama imefanya kazi

Usiamini hisia. Chagua mchana wa siku mbili zinazofanana, umelala vya kutosha na umekunywa chai ileile asubuhi. Pima ugali gramu 200 kwa mizani, maharage kikombe, mboga kikombe. Siku ya kwanza kula vyote kwa pamoja, ya pili kwa foleni. Pima sukari kabla ya tonge la kwanza, dakika 60 baada yake na dakika 120. Saa inaanza kuhesabiwa kwenye tonge la kwanza, siku ya foleni pia, hata kama tonge hilo lilikuwa la mnafu.

Nawa kwa sabuni na maji, kausha kabisa. Kidole kilichomenya embe kinaweza kusoma sukari ya embe badala ya yako. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati panapouma. Funga kopo la stripu mara moja. Unyevu unaziharibu kabla ya tarehe yake. Viwango vya kimataifa vinairuhusu mashine kukosea mpaka asilimia 15, kwa hiyo tofauti ya 0.5 mmol/L kati ya siku mbili haisemi kitu. Rudia jozi hiyo mara tatu. Ikiwa foleni inashusha kipimo cha dakika 60 kwa zaidi ya 1 mmol/L kila mara, umepata jibu lako. Isiposhusha, kwanza angalia ukubwa wa ugali.

Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikiwa 6.1 hadi 6.9, au kikifika 7.0 na zaidi, nenda na daftari lako hospitali ya Mawenzi, KCMC, Mount Meru au kituo kilicho karibu wakuthibitishie kwa kipimo cha maabara. Chukua pia mzunguko wa kiuno, futi ikipita juu kidogo ya mfupa wa nyonga baada ya kutoa pumzi: sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke ndipo hatari inapoanza. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache, usiirudie kila mwezi. Seli nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo mlo ulioubadilisha leo utasomeka vizuri kwenye kipimo hicho baada ya miezi mitatu.